Ametembea na Nyavu

Mambo ya ziwa niliyajua kabla sijawahi kuliona ziwa lolote. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, cheti cha Fomu Foo kwenye bahasha ya kaki, mtoto wa miezi saba mgongoni, na kazi ya kufunga nyavu kwenye veranda ya duka moja Kitale, nyuma ya msikiti. Mtu akisikia Kitale anafikiria mahindi. Hata mimi niliyetoka Kanduyi nilicheka nilipoambiwa kuna duka la nyavu mahali ambapo maji makubwa ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Lakini malori ya kwenda Turkana yalianzia hapo, na yale ya samaki wakavu yakitoka huko yaliishia hapo, kwa hivyo nyavu nazo zilipita hapo.

Wavu ukitoka kiwandani bado si wavu. Ni kitambaa cha matundu tu, kimekunjwa kama shuka. Kazi yangu ilikuwa kukifunga kwenye kamba mbili, ya juu yenye maboya na ya chini yenye mawe. Ukikivuta sana kinasimama kama ukuta na samaki anagonga anageuka. Ukikilegeza, samaki anaingia mpaka mashavuni na kurudi hawezi. Mwenye duka, mzee ambaye watu wake walitoka pwani, aliita kila wavu jarife, hata ule wa kushika samaki wa kiganja. Alisema kwao jarife ni la papa, jicho moja, yaani tundu moja, linapitisha kichwa cha mtoto. Halafu angetazama kichwa cha mtoto wangu kana kwamba anapima.

Kwake nilijifunza kwamba kila ufuko una wavu wake. Oda za Ziwa Victoria zilikuwa za macho ya inchi sita au saba, kwa ajili ya mbuta, samaki mkubwa wa kilindini. Tuliunganisha vipande vingi, maboya makubwa, mawe machache na mepesi, kwa sababu wavu ule haukai mahali. Unaachwa uende na maji, mashua imefungwa kwenye ncha moja, na wanaume wanaenda nao mpaka kuche. Nyavu hizo zinaitwa za tembea. Oda za Turkana zilikuwa za inchi tano, za ngege, samaki mdogo wa kandokando, vipande vifupi, mawe mazito, nanga ncha zote mbili karibu na matete. Wanategea alasiri wanarudi kulala kwao.

"Kule mashua haikeshi majini," mzee aliniambia. "Upepo wa kule hauna adabu."

Bwana yangu alijifunza kuvua Port Victoria, kwa wajomba zake. Mwaka huo alisikia kwamba Turkana kuna mbuta ambao hakuna mtu anayewafuata kilindini, na kichwa chake kikahama kabla ya miguu. Yeye na kaka yake mkubwa walinunua kitambaa cha inchi saba kwa shirika, akaniletea pale verandani.

"Nifungie za tembea," akasema.

"Za kwenda wapi?"

"Si unajua naenda wapi."

"Turkana hawavui hivyo."

"Ndiyo maana mbuta wao wanakufa na uzee."

"Mzee amesema upepo wa huko ni mbaya. Angalau niongeze mawe."

"Mzee anauza kamba. Ukiongeza mawe wavu utalala chini kama mgonjwa. Na wewe umevulia wapi, kwa sufuria?"

Wanaume waliokuwa wakingoja oda zao wakacheka. Nilifunga. Hilo silifichi. Nilifunga nikiwa na hasira, mawe mepesi kama alivyotaka, na mikono yangu hufanya kazi nzuri zaidi nikiwa na hasira. Aliondoka juu ya lori la unga, mashua angekodi huko huko, bila hata kumpungia mtoto, na mimi mwenyewe nikamgeuzia mgongo.

Wiki tatu baadaye dereva wa lori la samaki alisimama mbele ya duka, akaning'iniza mkono dirishani.

"Mama, nimepewa neno lako. Ati bwana yako ametembea na nyavu."

Akaondoa lori. Hivyo tu.

Wanawake wa pale sokoni walicheka kwanza. Kwetu mtu akitembea na fulani, unajua ni nini. Mmoja akaniambia nishukuru ni nyavu, si msichana wa huko. Jioni neno lilikuwa limefika Bungoma, sijui kwa mguu wa nani, na kesho yake shemeji, yule kaka mkubwa wa bwana yangu, akawa mlangoni kwangu, kofia mkononi, hasira usoni. Yeye aliposikia ametembea na nyavu alielewa jambo moja: mdogo wake ametoroka na mali yao.

"Amezipeleka wapi hizo nyafu?" akaniuliza. Sisi watu wa Bungoma v yetu hugeuka f tukikasirika. "Usiniambie hujui. Wewe ndiye ulizifunga."

"Sijui, shemeji."

"Basi nitakaa hapa mpaka ujue."

Akakaa. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati. Nilimpikia ugali na sukuma wiki, akala, akaendelea kunitazama kama mtu anayelinda benki.

Lakini mimi nilikuwa na maana ya tatu, na sikuweza kuitoa mdomoni. Tembea. Kama aliyesema neno lile ni mvuvi, basi alimaanisha kwamba bwana yangu alienda kilindini, akafunga mashua kwenye wavu, akauachia. Kwenye ziwa lile. Na mawe yale. Wavu mwepesi ukishikwa na upepo wa hivyo haumngoji mtu, unamburuta pamoja na kila alichokifunga.

Nikaanza kuomba kitu cha aibu. Niliomba mume wangu awe mwizi. Nikiosha nepi naomba, nikinyonyesha naomba: Mungu, awe ameziuza, awe analewa Lodwar, awe hata na huyo msichana. Nitamuua mwenyewe akirudi, lakini arudi. Maziwa yakapungua. Mtoto alivuta, akaachia, akalia akinitazama. Simu za mkono zilikuwa zimeshaingia Kitale, lakini ufuko ule haukuwa na netiweki, na hata ungekuwa nayo, bwana yangu hakuwa na simu.

Siku ya tatu nikamvizia dereva yule mahali wanapopakia.

"Aliyekupa hilo neno ni nani?"

"Mturkana mmoja, mvuvi."

"Alisema ametembea na nyavu, ama ametembea na mashua?"

"Mama, alisema ametembea. Ati siku ya pili."

"Siku ya pili tangu atembee, ama bado alikuwa anatembea siku ya pili?"

Dereva akamtazama turniboi wake, akanitazama mimi. "Wewe ni karani ama ni polisi? Kiswahili cha yule mtu ni kama changu, cha kuombea chai. Mimi nilibeba neno, sikulifungua."

"Basi nibebee lingine. Waulize kitu kimoja tu. Mashua yake iko ufukweni?"

Kama iko, ni mwizi, ameondoka kwa barabara. Kama haiko, basi. Dereva akalirudia swali mara mbili kama mtoto wa nasari, na safari hii hakucheka.

Alichukua siku tano. Upepo wa Kitale ukivuma ni mahindi tu yanainama, lakini siku hizo nilikuwa naufunga mlango usiingie. Siku ya nne shemeji alianza tena. Ati hata mama yao amejua ana mtoto mwizi, ati ataenda kwa chifu. Nikaweka mwiko chini.

"Shemeji, omba Mungu awe mwizi."

"Unasema nini?"

Nikamweleza. Ya tembea, ya kamba ya mashua, ya mawe. Alilima maisha yake yote, hakuwahi kupanda chombo, lakini alielewa. Aliinuka akamchukua mtoto kwangu, akatoka naye nje, na mambo ya chifu sikuyasikia tena.

Dereva aliporudi hakuning'iniza mkono dirishani. Alishuka.

"Haiko," akasema.

Shemeji aliketi pale pale kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Mimi sikulia. Nilirudi verandani nikafunga nyavu za mtu mwingine hadi saa kumi na moja, na mzee hakunizuia. Aliniletea chai, akaiacha ikapoa.

Kesho yake jioni bwana yangu aliteremka kutoka juu ya magunia ya samaki, kwenye lori lingine kabisa. Midomo imepasuka, miguu imefungwa matambara, mkono mtupu. Upepo ulimburuta kaskazini usiku kucha na mchana wake. Wavu ulijisokota ukawa kamba moja, ukavuta pua ya mashua chini, akaukata kwa kisu. Alitupwa ufukweni mbali sana, wachungaji wakampa maziwa, akatembea. Siku ngapi, hakujua. Alisimulia ameketi kitandani, kaka yake amemshika goti. Halafu akainua macho akaniona mimi.

"Yale mawe yalikuwa mepesi," akasema.

Sijui nilisema maneno gani yote. Majirani walitoka nje kusikiliza, hilo nalijua. Nilimwambia habari ya sufuria. Nilimwambia nilivyoomba, na mtu niliyeomba awe. Alitaka kucheka, midomo ikamkataza.

"Utanifungia zingine?" akauliza baadaye, polepole.

"Za kutega. Za inchi tano. Na mawe nitachagua mimi."

Akafungua mdomo. Shemeji akamwambia, "Nyamaza wewe," akamsogezea sahani.

Nikatoka kuanua nepi. Zilikuwa bado mbichi, nikazianua hivyo hivyo, moja nikajifutia uso.