Mbuzi Aliyechinjwa kwa Ajili ya Longi

Jinzi mbichi, ile isiyowahi kufuliwa tangu kiwandani, ikilowa hutoa harufu ambayo sijaipata kwa nguo nyingine yoyote: harufu ya nili, ya uji wa wanga uliochacha, na chini yake kitu kama chuma cha sufuria kuukuu. Wiki iliyopita mteja aliniletea suruali ya namna hiyo hapa kibandani kwangu, Embu, ninakoshona. Alitaka niipunguze miguu siku hiyo hiyo. Nilimwambia ni lazima niiloweke kwanza. Alipoondoka niliitia kwenye beseni la maji moto, mvuke ukapanda, nami nikajikuta nimeuma meno. Nimepita miaka hamsini, na bado harufu hiyo hunipandisha hasira kabla sijakumbuka ni kwa nini.

Nitawaeleza ni kwa nini, tena kwa utaratibu, maana siku yenyewe hakuna aliyefuata utaratibu wowote.

Kwetu ni juu huko milima ya Nyambene, ng'ambo ya Laare, ambako ukungu wa Desemba huweza kukaa mashambani hadi saa sita za mchana. Kaka yangu Mwenda alitahiriwa Desemba moja, mimi nikiwa msichana wa miaka kumi. Wakati ule mvulana wa kwetu alivaa kaptura hadi siku ya kisu. Baada ya hapo alitengwa kwenye kibanda cha jandoni na mlezi wake, akilishwa nyama na uji mpaka apone, kisha akatoka mbele ya watu akiwa amevaa longi, yaani suruali ndefu. Kaptura zake zilikuwa zimeshagawiwa wadogo. Hakuwa na nguo nyingine ya kutokea. Watu waliona longi, wakajua kwamba utoto umekwisha.

Longi ya Mwenda ilinunuliwa na baba mdogo, Mutuma, ambaye alifanya kazi Nairobi na hakumruhusu mtu kulisahau hilo. Ilikuwa jinzi ya buluu iliyokolea hadi ikakaribia weusi. Alipoiweka wima juu ya meza ilisimama yenyewe, kama bati.

"Gusa, gusa!" alituambia. "Hii ataivaa, halafu mwanawe aivae."

Mwenda aliijaribu kabla ya kisu. Ilimkaa kana kwamba fundi alimpima akiwa amelala. Kisha ikakunjwa na kuwekwa kwenye sanduku la mama.

Sasa sikieni vizuri. Kwa desturi yetu mwanamke hakupaswa kushika nguo za kijana aliye kibandani, na mama yake mzazi ndiye aliyekatazwa zaidi. Lakini mama alikuwa ameiona longi ile ikimwachia Mwenda buluu mikononi na mapajani, na shati la kutokea lilikuwa jeupe. Siku mbili kabla ya sherehe aliniita jikoni.

"Karimi, chemsha maji. Ifue mpaka maji yatoke safi. Na usimwambie mtu."

Niliifua. Maji ya kwanza yalitoka kama wino, ya pili kama anga, na vidole vyangu vikabaki na rangi hadi Jumapili. Kwa kuwa nje kulikuwa na ukungu, tuliianika juu ya moto, pale tulipokaushia mahindi. Mama mwenyewe aliigeuza mara mbili ili isichomeke upande mmoja. Nakumbuka nilijisikia fahari. Nilikuwa nimepewa kazi ya siri, nami niliifanya vizuri.

Siku ya kutoka, uwanja ulijaa. Mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, ulikuwa tayari, akina mama waliimba, na baba mdogo aliipeleka longi kibandani akiwa ameinyanyua juu ili kila mtu aione. Tulingoja. Vijana wa rika la Mwenda waliokuwa wametoka wiki iliyotangulia wakaanza kumpigia kelele.

"Mwenda, toka! Ama unangoja mama akufunge vifungo?"

Aliyetoka ni baba mdogo. Alikuwa ameishika longi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota nyoka.

"Nani ameikata hii?"

Haikuwa imekatwa. Mshono wa pindo ulikuwa ule ule wa kiwandani. Lakini miguu yake ilimfikia Mwenda juu ya vifundo, na kiuno hakikukutana kabisa. Jirani mmoja akasema labda kijana amenoneshwa kupita kiasi na ile nyama, watu wakacheka. Mimi, kwa ujinga wa miaka kumi, nilidhani swali limeulizwa ili lijibiwe.

"Kama ni kunona," nilisema, "mbona na miguu ya longi imekuwa mifupi? Mtu hanoni kwenda juu."

"Nyamaza wewe!" alisema baba mdogo.

Nyanya, mamake baba, akauliza taratibu, "Ni nani aliyeishika?"

Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria ya mukimo. Hakuinua kichwa.

"Ni Karimi aliyeifua," alisema.

Nimeichunguza sentensi hiyo kwa miaka arobaini na sijapata uongo ndani yake. Kila neno lilikuwa kweli.

"Msichana!" baba mdogo alipaza sauti ili hata waliokuwa barabarani wasikie. "Msichana ameshika nguo za mwanamume. Amemshusha kaka yake!"

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Alisimama akasema kwamba sisi ni Wakristo na mambo ya miiko hayana nafasi bomani mwake. Nilimpenda sana kwa muda wa sentensi hiyo moja. Kisha baba mdogo akamsogelea wakanong'onezana, na baba akarudi na uamuzi: mbuzi atachinjwa, tutaomba, yataisha. Mwenye kosa ndiye hutoa mbuzi. Mimi nilikuwa na mmoja, Kairu, mweusi, niliyepewa na nyanya wa upande wa mama. Baba mwenyewe alikuwa akisema kwamba wana wa Kairu ndio watakaonipeleka sekondari.

Wanaume walimfunga kamba mbele yangu. Baba aliomba sala ndefu. Hatukuwachinjia mizimu, sisi tulikuwa tumeokoka, tulichinjia suruali. Baba mdogo alikula mbavu. Mimi nilipewa kipande cha ini, nikakishika mpaka kikapoa, kikawa kigumu mkononi. Mwenda alitoka akiwa amevaa longi ya baba, amejifunga kiunoni kwa kamba ya katani, na watu wakashangilia kana kwamba hakuna lililotokea.

Sikwenda sekondari. Nataka niwe mkweli: mvua nazo zilikataa miaka ile, na mbuzi mmoja si shule. Lakini alikuwa mbuzi wangu.

Ninayoyajua sasa nimejifunza kwa kufumua nguo za watu na kusoma chochote kilichonifikia. Jambo lenyewe si gumu. Kiwandani nyuzi za pamba huvutwa kwa nguvu kwenye mashine, hasa zile zinazokwenda kwa urefu, kisha hupakwa wanga ili zikae vile zilivyovutwa. Kitambaa hicho kinaishi kimenyooshwa bila hiari yake. Maji moto yakikigusa, wanga huondoka, nyuzi hunywa maji na kunenepa, kila moja inajikunja kupita juu na chini ya mwenzake, na urefu wote ulioazimwa unaachiliwa. Ndiyo maana urefu wa miguu hupungua zaidi kuliko upana. Kiuno, ukikivaa, hulegea tena taratibu. Na kweli, kufikia Aprili Mwenda alikuwa akiivaa longi ile ile, mama akiwa amefumua pindo. Nilimtazama akipita nayo uwanjani, pale pale alipochinjiwa Kairu.

Mwaka juzi nilikata vipande viwili vya jinzi mbichi, sawasawa kabisa. Kimoja nilikiacha kikavu, kingine nikakitia maji moto na kukikausha juu ya jiko. Nikapanda Nyambene, nikavilaza kwenye mapaja ya mama, kimoja juu ya kingine, nikamweleza yote kwa utulivu kama nilivyowaeleza nyinyi. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alisikiliza hadi mwisho, akipitisha kidole kwenye ukingo uliopungua.

"Nilijua," alisema. "Hata kitambaa cha amerikani cha mama yangu kilikuwa kikifuliwa kinarudi hivi hivi, kinapungua. Longi ilipotoka pale juu ya moto niliiona imerudi."

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile. Ningesema mbele ya watu, wangeuliza nani alikutuma. Lakini baba yako nilimwambia. Nilimwambia kabla mbuzi hajafungwa kamba."

"Akasema nini?"

Mama alinirudishia vipande vyangu.

"Akasema watu wameshafika."

Nusu ya maisha yangu nilikuwa nimekusanya ushahidi, nikiamini kwamba kilichokosekana uwanjani ni mtu wa kueleza. Maelezo yalikuwepo. Yalikuwa yamesimama karibu na sufuria ya mukimo, na baba yangu aliyasikia yote kabla kisu cha Kairu hakijanolewa.