Nimekula Mbuzi wa Vyeti Vyangu

Walimu wenzangu, leo nimejiharibia kesi kwa kushiba.

Nyumba ninayopanga kwa Mzee Hirsi, nyuma ya soko la mifugo la Garissa, ina mchwa. Wametafuna sanduku langu, na vyeti vyangu vyote vya ualimu vilivyokuwa ndani.

Jumatatu afisa anakuja kukagua vyeti. Asiye navyo, kazi hana.

Nikamwomba Mzee Hirsi barua tu, ya kusema hasara imetokea kwake.

"Mwalimu, mimi nabangisha nyumba. Mchwa sijabangisha."

Hata hivyo aliita wazee wawili wa mtaa. Walinisikiliza vizuri, wakamtoza mbuzi mmoja.

Akachinjwa papo hapo.

(Nilikuwa sijala tangu jana, kwa mawazo.)

Nikala. Nikaongezewa, nikala tena. Nikanawa mikono, nikauliza, "Sasa ile barua?"

Mzee Hirsi akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Barua ya nini tena? Umekula na sisi. Wallahi, maneno yamekwisha."

Wazee wakaitikia.

Nimekwama. Andikeni chini ya karatasi hii, kalamu nimeifunga kwa uzi: Jumatatu nimwonyeshe afisa nini?

Mifupa ninayo.