Rangi Nyekundu Nyuma ya Sukari ya Papa

Mnaonijua mnajua kwamba mdomo wangu haujui kulala, lakini mkasa huu nimeumeza muda mrefu, na leo nautema kwa sababu mwenzangu wa ofisini alinigeuzia skrini yake akaniomba nimfundishe kupaka rangi nyuma ya grafiki kwenye Excel, ile kijani, njano na nyekundu ya kuonyesha namba ipi njema na ipi ya hatari, na mimi badala ya kumjibu nikainuka nikaenda kujifungia chooni kulia (naam, mama wa watoto wawili, nalia kwa ajili ya Excel). Mimi niliaibika mbele ya ukoo mzima, kwenye televisheni, na televisheni yenyewe niliiwasha mwenyewe.

Papa yangu ana ugonjwa wa sukari. Miaka yote alikuwa fundi wa kulehemu vyuma huku kwetu komini ya Kenya (mtaa wa mjini, si ile nchi), na moto wa kulehemu ulimla macho, kwa hiyo mtu akikaa mbele yake anamwona, rangi anaziona, ila namba ndogo za mashine ya kupima sukari hawezi kuzisoma. Kila asubuhi Mama alikuwa anamchoma kidole, anasoma namba asizojua maana yake, ananitumia kwa simu, na mimi msomi wa familia nazipanga kwenye kompyuta. Tena mjue kitu kimoja. Mimi naitwa Ngoie, jina la dada yake mkubwa, aliyemlea kule Mitwaba baada ya mama yao kufa, na kwa ajili ya jina hilo Papa hajawahi kuniita binti yangu wala mwanangu. Ananiita Yaya, vile tunavyomwita dada mkubwa. Tangu nikiwa mtoto wa kunyonya mimi ni mkubwa wa baba yangu, na nilikuwa najivuna nalo kweli.

Basi habari ikaja kutoka Mitwaba kwamba shangazi amelala mgonjwa, chakula hali tena, na anamwulizia mdogo wake. Papa akanunua kikwembe, yaani kitenge, cha bluu cha kumpelekea, akakifunga kwenye begi, lakini Mama akaogopa, maana barabara ile ni vumbi na mashimo, unapanda lori, unalala njiani, na mgonjwa wa sukari akianguka katikati ya pori nani atamwokota? Papa akanigeukia.

"Yaya, weye njo unajua ile mashine. Angalia sukari yangu ya huu mwezi. Kama iko muzuri, nakwenda. Kama haiko muzuri, nabakia."

Hapo ningefungua simu nikasoma zile namba, ingekuwa kazi ya kunywa chai. Daktari alishaniambia, kuanzia sabini hadi mia na arobaini ni salama. Lakini mimi, jamani, nilikuwa nimetoka kuangalia video ya namna ya kupaka zile rangi nyuma ya grafiki, na vidole vilikuwa vinaniwasha, nikasema hapana, Papa wangu sitampa namba kavu kama karani, nitampa kitu cha kupendeza ambacho hata macho yake yataona.

Nikaifanya ofisini saa ya kula. Nikazipanga rangi, kijani ya salama, njano ya kujihadhari, nyekundu kubwa juu. Mstari wa sukari ukafunikwa na rangi, hauonekani. Nikarudi kwenye video, wakasema uhamishe mstari kwenye namba za upande wa kuume, nikahamisha, ukatokea juu ya rangi, mweusi, mzuri, nikapiga makofi peke yangu. Sasa kulikuwa na namba kushoto na namba kuume, mistari miwili ya namba, inaharibu sura. Nikazificha zile za kuume. Bonyezo moja tu. Sikutazama kwamba za kushoto, zilizoshika rangi, zilikuwa zinapanda hadi mia tatu, na za kuume, zilizoshika sukari ya Papa, ziliishia mia na sitini, kwa hiyo namba ndogo ilikuwa inapanda juu kabisa kama ya mtu mahututi. Niliangalia picha, namba sikuziangalia. (Nani anaangalia namba wakati kuna rangi?)

Jumapili baada ya misa nikamwekea Papa kompyuta kwenye magoti. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ile ni rouge?"

"Ni rouge, Papa, ni nyekundu. Mwezi muzima."

"Lakini mi nasikia muzuri, Yaya. Miguu haiume. Kiu sina."

"Papa, mashine haidanganyi."

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Papa alifungua begi, akatoa kile kikwembe, akampa Mama akirudishe kwenye sanduku, halafu akakaa uani mpaka jua likazama, na mimi nikarudi kwangu nikijiona nimemwokoa baba yangu.

Shangazi alikufa kabla mwezi ule haujaisha. Walimzika huko huko.

Kilio kilipomalizika, watu wa Mitwaba walikuja. Kwetu huwezi kukosa maziko ya aliyekulea halafu ukanyamaza, lazima ukoo uje ukuketishe, uulizwe, ujibu. Walikaa sebuleni na majirani wamejaa mlangoni, mzee Mwamba ndiye aliyebeba neno la familia, na pembeni yake Ilunga, mtoto wa shangazi, ambaye ni muuguzi. Mzee Mwamba akasema, bila kupandisha sauti:

"Dada yako alikuita mpaka siku ya mwisho. Alikuwa anauliza, 'Amefika?' Tunataka kusikia kwa kinywa yako, ulibakia juu ya nini, sababu gani?"

Kabla Papa hajajibu, mimi nikasimama. Hakuna aliyeniita! Nikasema wazee, msimhukumu Papa yangu, nina ushahidi, nikachomeka kompyuta kwenye televisheni, na ile grafiki ikatanda kioo kizima, nyekundu tupu, watu wakaguna kwa huruma, nikasikia hata mama mmoja mlangoni akisema maskini. Nikanogewa. Mzee Mwamba akauliza namba ziko wapi, nikasema hakuna shida mzee, nikabonyeza, na juu ya kila nukta namba yake ikatokea.

Ilunga akainuka akasogea karibu na televisheni.

"Mia na kumi na nane," akasoma. "Mia na tano. Mia na ishirini na mbili. Yaya Ngoie, hii ni sukari ya nani?"

"Ya Papa."

"Sasa juu ya nini iko mu rouge? Hii ni sukari ya muzima. Mi mwenyewe ningeipata, ningeshukuru Mungu."

Nikaanza kueleza. Nikasema axe, ule mstari wa namba, nikasema échelle, vipimo vyake, nikasema kushoto na kuume, nikazirudisha zile namba nilizozificha ili waone, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoelewa, mbele yao, kwa Kiswahili na Kifaransa, nikitokwa jasho. Mlangoni mtu mmoja alicheka, si kwa ubaya, kicheko cha kukosa la kufanya, na hata leo nakisikia. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali.

Papa hakuwa anaitazama televisheni. Alimwuliza Ilunga, polepole:

"Kwa hiyo ningeenda?"

"Ungeenda, mujomba."

"Ningefika?"

Ilunga alikuja akamshika mkono, na wote wawili wakalia, na mimi nimesimama pale na waya mkononi, nisijue nizime au niache.

Wazee walimsamehe Papa siku ile ile. Mimi hawakuniambia kitu, maana kwao nilikuwa bado mtoto. Lakini kwa muda mrefu Papa aliniita Ngoie, jina kamili, kama watu wengine wote, na nilikuwa naitika.

Niliapa. Grafiki nitachora, kazi inanidai, lakini rangi nyuma ya namba ya mtu sitapaka tena, na namba nitaisoma kwanza, kwa sauti, kabla ya kuipamba. Siku hizi napita kwao kila asubuhi kabla ya kazi, nampima mwenyewe. Kile kikwembe cha bluu alinipa mwaka huu, alisema tu, "Chukua, Yaya, mwenye jina yuko weye," na sijathubutu kukivaa.

Nikishasoma namba, anauliza swali moja, kila siku lile lile.

"Na hiyo, muntu anaweza kusafiri nayo?"

"Anaweza, Papa."

"Muzuri," anasema, kisha anarudi kukaa uani.