Tundu la Mwenye Kuitika

Dukani kwa Shafi, mtaani Kampemba, Chisanga aliwekewa visanduku viwili mbele yake, akavitazama kama mtu anayetazama samaki aliyeanza kunuka. Vyote viwili ni kile wanachokiita kadi ya sauti: kinapokea sauti ya mikro ya kuimbia na kuipeleka ndani ya kompyuta. Kidogo kilikuwa na tundu moja la mikro, kikubwa mawili. Maandishi ya juu yake hakuweza kuyasoma, maana shule hakuiona. Matundu aliyaona.

“Mama, beba hii kidogo,” alisema Shafi. “Kwa mwimbaji moja wa nyumbani, inatosha.”

“Na mwenye kuitika ataingilia wapi?”

“Unaimba kwanza weye. Kisha mwingine anaitika. Mashine njo inaunganisha.”

“Njo vile, mama,” akaongeza Huguette, binti yake. Kompyuta ilikuwa ya Huguette, na chumba cha kurekodia kilikuwa kile anamolala. “Siku hizi bantu bote banafanya vile.”

“Najua. Njo vile Godefroid alinifanyia mie.”



Chisanga anauza samaki wakavu wa Kasenga, lakini watu hawamjui kwa samaki. Wanamjua kwa kilio. Mtu akifa, Chisanga anaitwa. Yeye anaanzisha wimbo, na mdogo wake Clotilde anaitika. Mama yao alipofariki, Chisanga aliimba wimbo aliokuwa ameutunga pale kando ya maiti, na wanaume wakatoka nje wasionekane wakilia.

Godefroid alikuwapo, kwa sababu ni mtani. Ukoo wake ni wa mamba, wa Chisanga ni wa samaki. Tangu enzi za mababu mamba na samaki wanatukanana msibani ili wafiwa wapate kucheka. Wananyang’anyana vitu bila kesi. Na mmoja akifa, ni mwingine anayemchimbia kaburi. Mtani akikutania, unacheka. Usipocheka, umekata utani.

Basi mtani huyo akamwita kwake Makomeno, aliko na mashine zake za kurekodia muziki. “Tuuweke wimbo, iwe ukumbusho wa mama.” Akamvalisha vipokea sauti vya masikioni, akamwimbisha peke yake, bila Clotilde, bila mtu. Chisanga aliona haya, kama mtu anayesalimia nyumba tupu. Baadaye wimbo ukasikika kila baa, kinanda juu, ngoma chini, jina la Godefroid mbele. Watu waliucheza kwenye harusi. Kilio cha mama yake, kwenye harusi! Na aliyekuwa akiitika humo ndani alikuwa Clotilde, ambaye Godefroid alikuwa amemchukua kwenye kundi lake la muziki.

Chisanga aliita wazee. Godefroid akafika akitabasamu, akauliza mbele ya wote: “Mamba akikula samaki, samaki anaenda kushitaki kwa mto?” Baraza zima likaangua kicheko. Na Chisanga, kwa mazoea ya maisha yake yote, naye akacheka.

“Umecheka,” wazee wakasema. “Neno limeisha.”

Kicheko kile ndicho kilichomla kuliko wizi wenyewe.

Sasa alikuwa na wimbo mwingine, ambao hajauimba mbele ya mtu yeyote. Huo, aliapa, hautaingia kinywani mwa mamba.

“Kilio hakiitikiwi kesho,” alimwambia Shafi. “Nikilia leo, unaniitika leo. Nipe ile ya matundu mawili.”

“Lakini mama,” Huguette akanong’ona, “tundu ya pili itakuwa ya nani? Tantine Clotilde, mdogo wako, hayuko tena wetu.”

Kabla hajajibu, mlango ukafunguka, akaingia Godefroid mwenyewe, amekuja kutafuta waya.

“Eeh, samaki yangu!” akapaza sauti. “Uko nafanya nini humu? Unajinunulia chungu ya kujipikia?”

Shafi akacheka. Wateja wawili wakacheka. Huguette naye meno yakamtoka kabla hajayazuia. Wote wakamgeukia Chisanga, wakingoja zamu yake.

Uso wake haukutikisika.

“Mama Chisanga, nakutania, weye.”

“Nasikia.”

Godefroid akajaribu tena, safari hii kwa sauti ya chini. “Usipocheka na mie, nani atakuchimbia kaburi?”

“Wee ulishanichimbia, na ningali muzima,” alisema Chisanga. “Shafi, funga ile kubwa.”

Habari ilifika sokoni kabla yake. Wanawake waliompisha njia hawakumtania tena, na msiba uliofuata hawakumwita. Mtu aliyemkatalia mtani kicheko, nani atamkaribisha penye maiti?

Siku hizi wanakaa chumbani kwa Huguette, mikro mbili, mama na mwana uso kwa uso. Kwanza Chisanga anataja jina lake, jina la mama yake na ukoo wake, ili kila atakayesikia ajue mwenye wimbo ni nani. Kisha anaanzisha. Huguette anaitika akiwa amechelewa, sauti ikiyumba, maana yeye hajawahi kufiwa na mama.

“Hapana,” Chisanga anamkatiza. “Unaitika kama mutu mwenye kushiba. Rudia.”

Na wanarudia.