Binti wa Mwenye Bucha

Fundi mmoja wa nguo alikuwa binti wa mwenye bucha, na hakuna aliyejua kwamba nyama haipiti kooni mwake. Utoto wake wote aliosha matumbo ya ng'ombe nyuma ya duka la baba yake, mpaka harufu ile ikamganda akilini. Alipokua, samaki, mayai na maziwa navyo vikaanza kumchefua. Amwambie nani? Wakwe zake walikuwa wakitamba mtaani kwamba wameoa kwa mwenye bucha! Basi mezani akawa anahamishia vipande vyake kwenye sahani ya mumewe, dereva wa lori. "Kula wewe, baba, kazi yako nzito." Mume akaona amependwa, akanawiri.

Wakapata mtoto wa kiume, akanyonya maziwa ya mama peke yake, mashavu yakamjaa. Akawa anacheka kila mkasi unapolia. Kisha kicheko kikaanza kupungua. Akawa analala tu kitandani kando ya cherehani, macho kwenye dari. Na hapa ndipo fundi hajisamehe mpaka leo, kwa sababu alifurahi. Magauni ya harusi yalikuwa yamemjaa, na mtoto asiyesumbua aliona ni baraka. Wateja walipomsifu kwa kulea vizuri, alivimba kichwa.

Mpaka shingo ya mtoto ikalegea, na vidole vikaanza kutetemeka. Kwenye kliniki ya mtaani, nesi alimuuliza yeye mama anakula nini.

"Nakula kila kitu, dada," akajibu, mkavu kabisa. Nesi akamwamini, akampa dawa ya maji ya kumwongezea mtoto damu. Wiki zikapita bure kwa sababu ya uongo ule.

Hospitali kubwa walimpeleka wote wawili, yeye na mumewe. Daktari wa watoto, mama mtu mzima asiyependa porojo, alimpima mtoto kimya kimya, kisha akavua miwani.

"Huyu nahisi amepungukiwa na vitamini B12. Ndiyo inayojenga damu na mishipa ya fahamu, na tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mama akikosa, na mtoto anayemnyonyesha anakosa. Mama, vyakula hivyo unakula?"

Mume akamdakia, anacheka. "Huyu? Daktari, huyu amekulia buchani!"

"Basi, kama ni hivyo, lazima nitafute ugonjwa mwingine. Nitaanza kwa kumchoma sindano ya mgongo, nitoe maji nipime."

Fundi akauangalia ule mgongo mwembamba. Aibu yote aliyokuwa ameikwepa miaka na miaka ilikuwa imemkalia mbele, imevaa koti jeupe.

"Sili," akasema. "Sili hata kimoja. Nilimdanganya nesi. Nimemdanganya na huyu tangu anioe."

Mume hakucheka tena. Daktari hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Aliwatoa mama na mtoto damu ya kupimwa, akaagiza wote wawili wachomwe B12 siku ile ile.

"Atarudi kama zamani?" fundi akauliza.

"Nguvu zitarudi. Ubongo ndio siwezi kukuahidi. Tutamwangalia anavyokua."

Njiani mume alimbeba mtoto mwenyewe. Fundi alitamani mumewe amgombeze, apige hata ukelele mmoja, lakini mume alisema tu, "Ungeniambia." Basi. Neno hilo lilimkosesha usingizi kuliko matusi yote duniani.

Sindano ziliendelea. Fundi akajilazimisha kumeza mayai huku machozi yakimtoka, na shingo ya mtoto ikaanza kukaza. Kila siku alimwinamia akamtekenya, akamwimbia, akamkunjia uso kama kichaa. Mtoto akawa anamtazama tu.

Jumapili moja, akiwa jikoni, alisikia kitu akaacha maji yakimwagika. Alikimbia hadi mlangoni. Mtoto alikuwa juu ya kifua cha baba yake, anacheka mpaka anakwama pumzi.

"Njoo," mume akamwita. "Njoo umwone!"

Hakwenda. Alisimama pale pale mlangoni, furaha imemjaa na roho inamuuma, akaona hiyo ndiyo adhabu anayostahili, kukisikilizia kicheko kile kwa mbali.