Kufuli Linalozima Sebule

Godelieve hakusomea umeme. Alisomea ukaidi, na shahada anayo. Alikuja huku kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei kutoka Ngozi, Burundi, akiwa msichana, na tangu nimjue kazi yake ni kuku. Kwa kuku hana mzaha.

Umeme wa sola wa mtaa wetu huja kwa mgao: kila nyumba ina kiasi chake cha siku, kikiisha mita inakata mpaka jua litoke. Godelieve alijitengenezea inkubeta ya sanduku la mbao, lenye balbu ya kuyapasha mayai joto mpaka yaanguliwe. Mara ya kwanza alipoitia mayai, mgao uliisha kabla ya alfajiri siku tatu mfululizo, na vifaranga wakafia ndani ya maganda. Alilia, sitamfichia. Kisha akafuta machozi akaanza kumsaka mwizi.

Mwizi alikuwa sebuleni. Televisheni, king'amuzi na woofer ya mumewe Elie, mpiga kinanda wa kwaya, vilizimwa kwa rimoti tu, vikabaki na vitaa vyekundu vikinywa umeme usiku kucha. Elie aliambiwa awe anavichomoa kwenye soketi. Akaahidi. Akasahau. Akaahidi tena.

"Mama Inès, kale kataa kadogo kanakula nini?" alimuuliza mkewe.

"Kanakula watoto wa kuku, Baba Inès."

Godelieve akawaza: soketi mtu atasahau, lakini huku kwetu hakuna anayetoka wala kulala bila kutia kufuli mlangoni. Akaenda mjini Lodwar kwa Ereng, fundi wa friji, akapewa kile kitufe kinachozima taa mlango wa friji ukifungwa. Akakiunganisha na waya wa sebuleni, karibu yake akafunga chuma chenye springi na ndoano. Kufuli likining'inia, uzito wake unashusha chuma na umeme unapita. Ukilitoa ukafunge mlango, chuma kinaruka juu, kinabonyeza kitufe, sebule nzima inazima. Inkubeta ina waya wake, haiguswi.

Mtaa ulicheka. Mimi pia nilicheka, na leo naona haya. Yeye akaingiza mayai thelathini, ya mwisho ya kuku wake wazuri. Elie akatangaza kwamba hawa nao wakifa, lile sanduku atalifanya la spika.

Siku kumi na nane mambo yalikwenda sawa. Alfajiri ya kumi na tisa, inkubeta ilikuwa baridi. Usiku Elie alikuwa amefunga mlango kwa kufuli kama kawaida. Lakini baada ya sala aliiona ndoano iko wazi, na Mkatoliki yule hawezi kuacha kitu kama msumari kikae kitupu ukutani. Akatundika rozari yake ya mbao yenye msalaba mzito wa chuma, na vitaa vikawaka hadi mgao ukaisha.

"Mi niliweka rozari tu," alijitetea.

Godelieve alikimbilia makaa. Aliwasha jiko, akajaza chupa maji ya moto, akazizungushia vitambaa na kuzipanga kati ya mayai. Adut, jirani yetu wa Sudan Kusini, akaja na tochi akamulika yai moja. Kivuli ndani yake kikatikisika.

"Iko hai, wallahi! Iko hai!"

Siku hiyohiyo Godelieve aliificha ndoano ndani ya kopo la bati, lenye mdomo unaopitisha kufuli tu na mfuniko juu. Elie alipigilia msumari wa rozari yake mwenyewe, bila kuambiwa.

Siku ya ishirini na moja, siku ya mayai kuanguliwa, ilikuwa Jumamosi. Alasiri Elie alikuwa anafanya mazoezi ya wimbo wa misa, woofer ikitikisa mabati, nasi wanawake tumeinamia inkubeta. Katikati ya ubeti akainuka, akaenda ukutani, akachomoa kufuli. Nyumba ikanyamaza.

Adut akashangaa. "Shemeji, unafunga mlango mchana huu?"

"Sifungi," Elie akasema, akipiga magoti kando ya mkewe. "Nataka kuwasikia."

Na tukawasikia, wakilia ndani ya maganda.