Programu Iliyotaka Mama Yangu Naye Aje

Nawasalimu nyote, hasa wazazi wenye mtoto mnene nyumbani, maana nina neno nanyi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, tukiishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, baada ya kutoka Uvira, Kongo. Mama yangu ni mshonaji. Kila muhula sketi yangu ya shule ilinibana, naye aliipanua kimya kimya. Kwake mtoto mnene ni sifa. "Bantu baone kama kwangu tunakulaka," alikuwa akisema. Shingo yangu ikaanza kuwa nyeusi na ngozi ikawa nene. Mama alidhani ni uchafu. Alinisugua mpaka nikatoka damu.

Kisha ikaja kiu isiyoisha. Nilikojoa kila saa, na mapaja yalichubuka kwa kusuguana. Hospitalini Lilongwe daktari alinitoboa kidole, akasema sukari inapanda, na ule weusi wa shingo ni dalili yake, si uchafu. "Usipopunguza uzito sasa, kisukari kitakukuta hujamaliza shule." Niliogopa sana.

Likizo kubwa ilipofika tukatafuta programu. Ya kwanza ilikuwa Lilongwe, mtaa wa Area 47, kwa mwalimu wa mazoezi aliyeahidi mtoto atapungua ndani ya mwezi. Nilikaa kwa mama mdogo, mtaa wa Area 23. Yule mwalimu alitupima mbele ya wenzetu na kusoma kilo kwa sauti. Tulikimbia juani tumbo tupu, tukanyweshwa chai chungu iliyoniharisha vibaya. Siku moja nilianguka kifudifudi. "Inuka, mvivu!" akanifokea. Nilipungua kweli. Lakini nilirudi nyumbani kwenye sahani ileile ya nsima, yaani ugali, na mboga zinazoogelea kwenye mafuta, na kabla ya muhula kuisha kilo zote zilirudi, na nyingine juu yake. Lawama zote nikabebeshwa mimi! Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Likizo iliyofuata tulisikia kliniki moja ina programu ya watoto. Muuguzi alikataa kuniandikisha peke yangu. "Mlete anayepika," akasema.

Mama akanuna. "Mi siko mugonjwa. Ni we njo munene." Alikuja hata hivyo. Hajui Chichewa, lugha ya muuguzi, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Nikatafsiri: mafuta yapungue, soda zisinunuliwe, nyumba nzima itembee pamoja. Mama akanikazia macho.

"Ni yeye anasema, ama ni we?"

Nilitaka kulia. Muuguzi hakuelewa maneno, ila jicho lile alilielewa. Akaishusha taratibu kola ya mama, akamwonyesha kwenye kioo shingo yake mwenyewe. Nyeusi kama yangu. Mama akakaa kitini. "Basi, aandike na mi."

Hakukuwa na muujiza. Tulicheza mpira, tulijifunza kupika, hakuna aliyetukanwa, na likizo ilipoisha waliendelea kutuita kila mwezi. Sijawa mwembamba. Ila sukari imeshuka na kiu imekoma.

Kwa hiyo, mzazi, anayekuahidi mwezi mmoja mkimbie. Anayemwaibisha mtoto mkimbie. Na asiyekuuliza nani anapika kwako, usimpe likizo ya mwanao. Wengi nikiwaambia hivi wananijibu, "Mutoto aache tu kula." Mnanichosha! Mama yangu alibisha, alinuna, alilia, lakini alikuja. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa kilo zote nilizopunguza.